Hatua Arobaini za Scolastika

Kijijini kwao Scolastika, mwendo mfupi kutoka Maganzo, watu wakitaka kukodishiana shamba hawakuhangaika na kamba. Ekari ni hatua sabini kwa sabini, hilo kila mtu analijua. Ugomvi huwa ni hatua za nani. Mwenye shamba huleta mtu mfupi, anayekodi huleta mrefu, na kabla jua halijapanda wameshaanza kutajiana ukoo. Basi siku zote walimwita Scolastika. Alikuwa mrefu kuliko kaka zake, na hatua yake ilikuwa mita moja kamili, haizidi, haipungui. Bwana shamba mmoja mbishi aliwahi kumfuata nyuma na futi yake kutoka mwanzo wa shamba la pamba hadi mwisho. Alipofika akaikunja futi, akaomba maji ya kunywa, na habari ya kupima ikaishia hapo.

Msichana huyo ndiye aliyekuja kuolewa na Marcel, Mzinza wa Geita, fundi wa kuchomelea mageti pale Katoro, mwanamume ambaye kofia yake haikufika begani kwa mkewe. Wakitoka pamoja kwenda sokoni, Scolastika alitembea na Marcel alikimbia-kimbia pembeni yake huku akijifanya ana haraka zake mwenyewe. Mafundi wenzake walisema ameoa ngazi ili asinunue nyingine ya karakana. Marcel alicheka nao, kwa sababu kwanza ni mtu wa kucheka, na pili kweli alikuwa akimtuma mkewe kufikisha vitu vya rafu ya juu.

Upinde ulikuja mwaka juzi. Mhandisi mmoja mgeni wa kampuni ya kuchoronga miamba alimaliza mkataba wake, akafunga mizigo, na upinde ukakosa nafasi kwenye sanduku. Akamwachia Marcel kama asante ya geti zuri. Haukuwa upinde kama ule tunaoujua, fimbo na kamba. Huu ulikuwa wa chuma chepesi, una gurudumu juu na gurudumu chini, na nyaya zinazopishana katikati. Katoro nzima ikauita baiskeli. Marcel alipoupeleka kwa mtendaji wa kata ili asije akaambiwa anafuga silaha, mtendaji aliuzungusha mara mbili, akauliza unakaliwa wapi. Baadaye akaandika barua kwamba ni kifaa cha michezo, kisitumike kwa mnyama wala kwa mtu, na muhuri akaupiga.

Kazi yenyewe ilikuwa kuutegesha. Juu ya mpini wake kulikuwa na kilengeo, kiduara chenye pini tatu zilizopangana: ya kijani juu, ya njano katikati, nyekundu chini. Kijani ni ya mita ishirini, njano thelathini, nyekundu arobaini. Mshale wa mbali huanguka zaidi njiani, kwa hiyo ukiweka ile pini ya chini juu ya shabaha, mkono wenyewe unanyanyuka kidogo na mshale unafika. Lakini pini haziji duniani zikijua umbali. Lazima zifundishwe. Unasimama mahali palipopimwa, unapiga mishale mitatu, unaangalia ilikokusanyika, kisha unalegeza skrubu kwa alenki na kuisogeza pini kuufuata mshale. Ukipiga juu, pini inapanda. Ukipiga chini, inashuka. Halafu unapiga tena, na tena, mpaka mke wa mtu anauliza kama leo kuna kula.

Uwanja wao ulikuwa nyuma ya karakana, mbele ya kilima cha marudio, ule mchanga uliosagwa na kuoshwa dhahabu mpaka hauna tena cha kumpa mtu. Kiroba kilichoshindiliwa matambara na vyandarua vikuukuu kilisimama mbele yake, na mshale uliokikosa ulizama mchangani bila kumdhuru yeyote. Futi ya Marcel ilikuwa ya mita tano na imekatika ncha. Wala haikumsumbua.

"Nimetoa ng'ombe kumi na wawili kwa miguu hii," alimwambia Scolastika, "halafu nikaazime futi? Nipimie ishirini, mwenzangu."

Scolastika akapima ishirini, kisha thelathini, kisha arobaini, akichomeka kijiti kila alipoishia. Vijiti havikuachwa pale, kwani wenye matoroli wa karibu waliving'oa kila wiki, kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa alipima upya. Kufikia mwezi wa pili mwaka huu, pini zote tatu zilikuwa zimetulia. Marcel alipiga mishale mitano kwenye kifuniko cha sufuria kwa umbali wowote aliotaka, akatembea siku nzima kifua mbele.

Ndipo Scolastika akapata mimba.

Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilitoka mwezi wa tatu, ya pili ilitoka ikiwa na wiki kumi na sita, baada ya Marcel kuwa ameshachomelea kitanda kidogo cha chuma na kukipaka rangi ya buluu. Kitanda hicho kilikuwa bado stoo, kimefunikwa turubai, na hakuna aliyekitaja. Scolastika aliikumbuka sura ya mumewe siku ile ya pili. Hakulia, alitabasamu kumfariji, na tabasamu hilo lilimuuma kuliko kila kitu. Wanawake wa rika lake Katoro waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye aliitwa Scolastika, na wenye adabu zaidi walimwita mke wa fundi. Safari hii aliapa. Hatasema neno kwa mtu yeyote, na kwa Marcel hasa, mpaka wiki ya ishirini ipite. Asipojua, hatakuwa na cha kupoteza.

Muuguzi wa kliniki alimwambia asibebe ndoo nzito, basi. Mengine aliyaongeza mwenyewe. Aliacha kuruka mitaro. Aliacha kuinama ghafla. Akatembea kama mtu aliyebeba kichwani maji yaliyojaa hadi ukingoni, na hakujua kwamba anatembea hivyo.

Upinde ulijua. Jumapili ya Matawi, Marcel alisimama kwenye kijiti cha thelathini, akaweka pini ya njano katikati ya kiroba, akaachia. Mshale ukaingia juu, karibu na mshono. Wa pili ukaingia pembeni ya wa kwanza.

"Unapanda," akasema.

"Labda umeshiba," Scolastika akajibu. "Mtu akishiba mkono unapanda."

"Nimekula kiporo cha jana."

"Basi ni upepo."

Marcel akalowesha kidole, akakiinua, akangoja. Hapakuwa na upepo. Akachukua alenki akaipandisha pini kidogo, na mambo yakawa sawa kwa wiki mbili. Kisha mishale ikapanda tena. Akalaumu nyaya, akazipaka nta. Akalaumu magurudumu. Akamlaumu mhandisi, ambaye wakati huo huenda alikuwa kwao amelala usingizi wake. Kila mara pini zilipanda kidogo, na Scolastika alisimama pembeni akimshikia mishale, akijiuliza kuna tatizo gani, mpaka Jumapili moja alipotazama chini na kuona nyayo zake mwenyewe kwenye mchanga laini wa marudio. Zilikuwa zimesongamana kama za bibi kizee.

Alitaka kucheka na alitaka kulia. Mwanamume huyu alikuwa na jicho la kuona ufa wa unywele kwenye chuma kabla hakijapoa, na mke analala ubavuni mwake miezi mitatu haoni kitu! Siku hiyo Scolastika alijaribu kurefusha hatua. Alifika ya nne akaingiwa na hofu, akarudi kwenye zile fupi.

Mwezi wa sita kaka yake akapiga simu. Jilala alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, amerithi cheo na upinde wa baba yao, upinde wa mti wenye kamba ya mshipa wa ng'ombe, na alikuwa na sauti isiyohitaji simu.

"Shemeji!" akanguruma. "Nasikia una baiskeli inayorusha mishale. Pamba tumeshauza. Njoo huku tuone kama ina breki!"

"Nitakuja, ngosha," Marcel akasema, akimwita mwanaume kwa Kisukuma. "Ila nitafutie mtu wa kukushika mkono ukianza kulia."

Hapakuwa na zawadi yoyote. Lakini mkwe hufika ukweni akitazamwa kuanzia viatu, na Marcel, mfupi na mgeni, tangu siku ya mahari alikuwa akitafuta kitu kimoja tu cha kuwafanya wakwe wasimame. Jambo hilo alimwambia Scolastika mara moja, gizani, kama mzaha, na Scolastika hakulisahau. Sasa akapiga hesabu zake. Pini zimefundishwa kwa hatua fupi. Ukweni zikipimwa mita kamili, mishale itaanguka chini na mumewe ataaibika. Lakini kijijini kwao nani hupima? Yeye mwenyewe. Hatua fupi za Katoro zitakuwa hatua fupi za Maganzo, na pini hazitajua tofauti. Alipofikia hapo akapumua, akafunga begi.

Alisahau kichuguu.

Walifika Jumamosi, wakalala, na Jumapili mchana nusu ya kijiji ikajaa nyuma ya boma. Kiroba kilifungwa kwenye nguzo ya zizi. Mama yake Scolastika, Philomena, alikaa kwenye kigoda akipeta mpunga, na Marcel alimwamkia kutoka mbali, ameinamisha kichwa kama mkwe anavyopaswa. Watu waliupisha upinde wa chuma kwa heshima kidogo na vicheko vingi. Bibi mmoja aliomba kugusa gurudumu.

"Scola apime!" Jilala akasema, na wote wakaitikia, maana hakuna aliyefikiria mtu mwingine.

Akaanzia kwenye nguzo. Moja, mbili, tatu. Wazee walihesabu pamoja naye kwa Kisukuma, kwa sauti, na furaha ya kuiona hatua yao maarufu imerudi nyumbani. Ishirini, kijiti. Thelathini, kijiti. Arobaini. Akachomeka kijiti cha mwisho, akainua macho, na hapo ndipo alipokiona kichuguu, mbele yake bado, mbali kiasi cha urefu wa chumba na sebule.

Kutoka nguzo ya zizi hadi kichuguu ni hatua arobaini za Scolastika. Alikuwa na miaka kumi na saba alipozipima, na tangu hapo kila kijana wa sungusungu alijifunzia pale. Watoto waliijua habari hiyo kama wanavyojua majina yao. Kelele za kuhesabu zilikatika zote kwa mara moja.

"Kichuguu kimehama," akasema mzee mmoja.

"Kichuguu hakihami," Jilala akasema. Akamtazama dada yake kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, na kicheko kikianza kumjia. "Dada, wamekukata miguu huko Katoro? Au kuna jambo?"

Ungo wa Philomena ulikuwa umesimama hewani. Scolastika alihisi damu imempanda usoni. Ilikuwa wiki ya kumi na nane. Alikuwa amebakiza mbili tu. Kila jicho la ukoo lilikuwa limeanza kushuka polepole kutoka usoni kwake kwenda kwenye khanga aliyoifunga kwa ulegevu.

"Ni mimi," Marcel akasema.

Alisema kwa sauti kubwa kuliko lazima. Macho yote yakamhamia.

"Ni mimi niliyemwomba apunguze hatua. Jana usiku nilimbembeleza. Baiskeli hii haina nguvu ya kufika kichuguuni, shemeji, nikaogopa aibu. Nikamwambia, mke wangu, niibie mita chache, nani atajua?" Akaachia mikono. "Nimesahau kwamba ninyi hapa hata vichuguu mnavikariri."

Kwa muda mfupi hakuna aliyeelewa afanye nini na uso wake. Kisha Jilala akapasuka kicheko, na kijiji kizima kikamfuata. Walicheka mpaka mbuzi wakainuka. Mkwe mwizi! Mkwe ameiba ardhi ya kichuguu! Bibi aliyegusa gurudumu alipangusa mkono wake kwenye sketi, ili wizi usimwambukize.

"Nyuma, mwizi!" Jilala akaamuru, machozi yakimtoka. "Kichuguuni!"

Marcel akarudi kichuguuni. Akavuta, magurudumu yakazunguka bila sauti, akaweka pini nyekundu katikati ya kiroba. Mshale ukaingia kwenye samadi, chini ya kiroba. Wa pili, samadi. Wa tatu, samadi, na ng'ombe mmoja akageuka kuangalia nani anamsumbua. Scolastika alimtazama mumewe mkono wa kushoto, ule wa kushika upinde. Marcel hakuunyanyua hata kidogo. Angeweza kufanya hesabu hiyo akiwa amelala, kulenga juu kidogo ya shabaha na kupata, lakini hakufanya. Alipiga mishale mitano kwenye samadi kama mtu anayepigilia misumari, na kila mmoja ulithibitisha uwongo wake. Jilala akapiga mitano yake kwa upinde wa mti, minne ikakaa kirobani, akabebwa juu juu kuzunguka zizi.

Hapo ndipo Scolastika alipojua kwamba Marcel anajua.

Mama yake alimpitia karibu akiwa na ungo kiunoni. "Mume wako ni mwongo hodari, mayu," akanong'ona bila kusimama. "Nimempenda leo. Kaa kivulini, na kuni leo usizisogelee." Akaendelea na safari yake ya jikoni.

Marcel alikuwa nyuma ya zizi, akisugua samadi kwenye mishale kwa majani makavu. Kutoka upande wa pili sauti ya Jilala ilisikika ikisimulia wizi huo kwa watu waliouona wenyewe. Scolastika alimwendea, akasimama mbele yake. Alikuwa ameyaandaa maneno ya wiki ya ishirini, maneno mazuri yenye mpangilio, lakini hakuna hata moja lililokuja.

"Nina mimba, Marcel," akasema. "Miezi minne na kitu. Naogopa sana."

Marcel aliendelea kusugua mshale mmoja ambao ulishakuwa safi zamani. Kisha akauinua upinde, akaugeuza. Ndani ya mpini, mahali ambapo mpigaji peke yake anaona, alikuwa amebandika kipande cha plasta, na juu yake mistari midogo ya kalamu, kila mmoja na maandishi yake. Jumapili ya Matawi. Baada ya Pasaka. Mei Mosi. Kila siku aliyoipandisha pini.

"Mara ya kwanza nililaumu upinde," akasema. "Mara ya pili nikaazima futi ndefu kwa wapima viwanja. Hatua zako ishirini zilikuwa mita kumi na saba. Nilikaa juu ya marudio nikazitazama zile nyayo, Scola. Nilikaa sana."

"Mbona hukuniambia? Miezi yote hii unazilaumu nyaya!"

"Ningekuambia zimefupika, ungezirefusha."

Scolastika aliziba mdomo kwa khanga. Alilia, naye Marcel akalia, mwanamume aliyetabasamu mara mbili zilizopita. Akalia bila kuficha, akijipangusa kwa mkono wenye samadi, mpaka mkewe ikabidi ampanguse upya. Sura yake ilikuwa mbaya kwelikweli. Aliipenda kuliko siku ya harusi.

"Wamekuita mwizi mbele ya mama yangu," akasema. "Watakuita hivyo mpaka unazeeka."

"Waniite tu. Kichuguu chenyewe hakijalalamika."

Wakaitwa kula. Walikata kona ya zizi pamoja, yeye na zile hatua zake za maji ya ukingoni, na kwa mara ya kwanza tangu waoane Marcel hakulazimika kukimbia-kimbia kuwa sambamba naye. Aliligundua hilo, akavimba kifua, akajitahidi kutembea kwa madaha kama mtu mrefu.

"Usizoee," Scolastika akamwambia.

"Sizoei." Alikuwa anachezea alenki mfukoni. Kisha akasema lile jambo ambalo nyumbani kwao hakuna aliyethubutu kulisema tangu kile kitanda cha buluu kifunikwe turubai. "Krismasi ikifika na hatua zako zikarudi ndefu, mwenzangu, itabidi nizishushe pini zote upya."

Scolastika alisubiri hofu ije kama kawaida yake. Ilikuja, lakini hakumwambia anyamaze.

"Anza na ya kijani," akasema.